Ukifika Nakivale: Mambo ya Kujua Mwaka wa Kwanza

Familia mpya zinaendelea kufika hapa kwetu Nakivale, nyingi zikitoka Rutshuru, Masisi na Kivu ya Kusini, na maswali wanayotuuliza ni yale yale. Kwa hiyo mwezi huu tumeona tuandike majibu mahali pamoja. Ninyi mliokaa miaka mingi mtasema mnayajua haya yote. Vizuri. Basi mpeni jirani aliyefika juzi, na kama hajui kusoma, msomeeni.

Kuna watu wanafika wakisema, "Uganda ni jirani, tuko chini ya jua moja, kuna nini cha kujifunza?" Kiko, tena kingi. Mvua ya hapa siyo ya kwetu, homa ya hapa siyo ya milimani, hata gari linapita upande mwingine. Siku hizi msaada umepungua, na mtu akichelewa kuijua nchi, watoto wake ndio wanaolipa. Mwaka wa kwanza ndio mgumu.

NJIA YA KUJA

Wengi tunavuka Bunagana, tunafika Kisoro. Hapo bado unaona ni kama kwetu: milima ya volkano, Muhabura na Sabinyo, udongo mweusi, viazi, baridi ya asubuhi. Mwezi wa Juni 2022, Bunagana ilipotekwa, maelfu ya watu walipita hapo na kupumzika katika kituo cha Nyakabande kabla ya kupelekwa mbele. Kutoka Kisoro barabara inapanda milima, ukungu unafunika, halafu inashuka Kabale, inapita Ntungamo mpaka Mbarara, mji mkubwa wa upande huu. Kutoka Mbarara unaingia wilaya ya Isingiro, na huko ndiko iko Nakivale, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo.

Angalia tofauti. Kisoro inapita mita 1,800 juu ya bahari. Nakivale iko kati ya mita 1,200 na 1,400. Milima inakuwa vilima, majani yanakuwa mafupi na makavu, unaanza kuona ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu. Hii ni nchi ya wafugaji, mvua yake ni kidogo kuliko ya Masisi. Aliyezaliwa milimani akishuka hapa amehamia nchi ya joto kabisa, hata kama safari ilikuwa ya siku moja au mbili.

Kambi yenyewe ni ya zamani. Ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda. Leo ina zoni tatu, Base Camp, Juru na Rubondo, na watu zaidi ya laki moja: Wakongomani wengi zaidi, tena Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Ukiishi hapa unaishi na dunia nzima.

SAA NA BARABARA

Jambo la kwanza kabisa: rudisheni mshale wa saa zenu mbele. Uganda iko mbele ya Goma na Bukavu kwa saa moja. Kwetu jua linatoka saa kumi na mbili, hapa linatoka karibu saa moja, na jioni linazama karibu saa moja vile vile, mwaka mzima. Mtu anayefuata saa ya Kongo anafika kliniki au ofisini wakati foleni imefungwa. Tena wakikuandikia karatasi ya miadi, wanaandika saa za Kizungu. Ukiona 9:00, hiyo ni saa tatu asubuhi, siyo saa tisa.

La pili ni barabara. Kongo, Rwanda na Burundi, gari linapita mkono wa kuume. Uganda linapita mkono wa kushoto. Ukitaka kuvuka, angalia kwanza KUUME, halafu kushoto, halafu kuume tena. Wafundisheni watoto siku ya kwanza, kabla hawajatumwa dukani. Boda zinakimbia sana, na mtoto aliyezoea kuangalia upande mmoja anagongwa na ile inayotoka upande mwingine.

Maneno nayo yanabadilika. Ile pikipiki tunayoita "moto" huku ni boda. Ukisema "taksi", watakupeleka kwenye minibasi ya watu 14. Gari la kukodi peke yako linaitwa "spesho", na bei yake iko juu. Ulizeni bei kabla ya kupanda, siyo mkishafika.

MVUA NA SHAMBA

Hapa ndipo tunaomba msome polepole.

Wanaofika miaka hii wanapewa kiwanja cha karibu mita 30 kwa 30, nyumba na shamba ndani yake. Zamani watu walipata kikubwa zaidi, lakini watu wameongezeka na ardhi ni ile ile. Na msaada wa chakula si kama zamani. Tangu Julai 2023, WFP, ile tuliyozoea kuita PAM, iligawa familia kwa makundi matatu kufuatana na uhitaji, na kundi la tatu likatolewa kabisa. Mwaka 2025 pesa zikapungua tena, na Uganda nzima wakimbizi milioni moja wakaondolewa kwenye orodha ya chakula. Kwa hiyo kale kashamba kadogo ndiko kanakobaki.

Milimani kwetu mvua inanyesha karibu mwaka mzima, ukichelewa kupanda wiki tatu bado unavuna. Hapa hapana. Mvua ziko mbili. Ya kwanza ni Machi mpaka Mei. Ya pili ni Septemba mpaka Novemba, na wakati mwingine inaingia Desemba. Katikati kuna ukame: Juni, Julai na Agosti ni kavu kabisa, tena Januari na Februari. Ukipanda maharage katikati ya Novemba, jua litayakuta yakiwa na maua, na utavuna majani.

Tunashauri hivi:

- Lima mwezi wa pili na mwezi wa nane, udongo ungali mkavu. Mvua mbili tatu nzuri zikipiga, mbegu iwe imeingia.
- Panda maharage na mahindi pamoja. Maharage yatakuwa tayari karibu miezi mitatu, yatawashikilia mkisubiri mahindi.
- Usile mbegu. Maneno mepesi kusema, tunajua. Lakini weka hata kopo mbili mahali ambapo watoto hawafiki.
- Jaza gunia udongo na mbolea ya ng'ombe, toboa matundu pembeni, panda lengalenga, sukuma na vitunguu. Gunia moja mlangoni, likimwagiwa maji ya kunawia, linatoa mboga hata mwezi wa saba.
- Panda papai na parachichi mapema. Mti hauli pesa, na kivuli chake utakihitaji.

Mbolea inapatikana kwa wenyeji wafugaji. Hiyo ni njia nzuri ya kuanza urafiki. Lakini ng'ombe wa mtu wakiingia shambani kwako, usiwapige mapanga. Muite kiongozi wa RWC, naye atazungumza na mwenyekiti wa LC1 wa upande wa wenyeji. Ng'ombe kwa Mnyankole ni kama mtu wa nyumbani, na ugomvi wa ng'ombe mmoja unaweza kuharibu kijiji chote. Tena kumbukeni, kiwanja ulichopewa ni cha kutumia, siyo cha kuuza. Anayekuuzia kiwanja cha kambi anakuuzia kesi.

MAJI NA ZIWA

Ziwa linapendeza kwa macho, lakini lina viboko na mamba. Kiboko anatoka majini giza likiingia, kwenda kula majani nchi kavu. Ukikutana naye, usisimame kati yake na maji, maana atapita pale pale ulipo. Watoto wasitumwe ziwani jioni wala alfajiri, na wasioge wala kuchezea kando ya maji hata mchana.

Maji ya kunywa yachoteni kwenye bomba. Bomba likikauka na mkalazimika kuchota ziwani au kwenye mabwawa, yachemsheni mpaka yatokote, au mtie vidonge vya kusafishia kama mmepewa. Maji kuonekana meupe si kusema ni safi. Jerikani nayo ioshwe ndani kwa mchanga na maji, maana ule utelezi wa kijani ndio unaorudisha kuhara nyumbani.

Na maziwa, ndugu zetu. Huku yanapatikana na ni matamu. Lakini chemsheni. Maziwa mabichi yanaleta homa ya ng'ombe, ile inayouma viungo miezi na miezi, na watu wanafikiri ni malaria isiyopona.

HOMA

Mtu wa milimani hajazoea malaria. Kule juu mbu ni wachache, mwili haujajifunza kupigana na ile palu. Kwa hiyo familia inayoshuka hapa, hata baba mwenye nguvu, anaweza kulala vibaya sana miezi ya kwanza. Walio hatarini zaidi ni watoto chini ya miaka mitano na mama mwenye mimba.

Chandarua, ile tunaita mustikere, ni cha kulalia. Tunaona vingine vimefunika miche ya nyanya, vingine vinafunga kuku. Tunajua nyanya ni pesa. Lakini mtoto akiugua, hizo pesa za nyanya zinaisha kwa siku moja. Kama chandarua ni kimoja, walaleni ndani yake watoto wadogo na mama mjamzito kwanza.

Mtoto akipata homa, usingoje kesho kutwa. Mpeleke kwa mhudumu wa VHT wa kijiji chenu au kituo cha afya siku ile ile, apimwe damu kidoleni. Majibu yanatoka baada ya dakika chache. Akipewa Coartem, amalize vidonge vyote vya siku tatu, na ale kitu kabla ya kumeza. Mtoto anachangamka siku ya pili na mama anaficha vidonge vilivyobaki kwa ajili ya homa nyingine. Hapo ugonjwa unabaki ndani, na dawa iliyobaki haitoshi mtu. Mtoto akianza kutetemeka na kukakamaa, au akishindwa kunyonya, au akilala hazinduki, hiyo ni hatari kubwa: mbebeni usiku huo huo.

Mama mwenye mimba aanze kliniki mapema, maana kuna dawa ya kumkinga na malaria anayopewa pale pale. Tena tangu Aprili 2025 Uganda imeanza kuwapa watoto wachanga chanjo ya malaria katika wilaya nyingi. Dozi ni nne, ya kwanza mtoto akiwa na miezi sita. Mkienda kliniki ya watoto, ulizeni. Matibabu katika vituo vya serikali na vya kambini hayalipiwi, na mkimbizi anatibiwa sawa na mwenyeji.

NYUMBA NA RADI

Kabla ya kusimamisha nguzo, muulize jirani maji ya mvua yanapita wapi. Mahali panapoonekana tambarare na pazuri mwezi wa saba panaweza kuwa mto mwezi wa kumi. Chimba mtaro kuzunguka nyumba. Nguzo zichomwe moto kidogo sehemu itakayoingia ardhini, maana mchwa wa hapa hawana huruma.

Radi za Uganda ni kali. Novemba 2024, katika kambi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, huko kaskazini, radi ilipiga watu waliokusanyika kwa sala ndani ya jengo la mabati, wakafa 14, wengi wao watoto na vijana. Mvua ikianza kunguruma, msijikinge chini ya mti wala kwenye kibanda cha mabati kilicho wazi. Ingieni nyumba yenye kuta, fungeni mlango, mkae mbali na nguzo na vitu vya chuma. Anayechunga au kulima aache jembe chini. Na viongozi wa makanisa na misikiti, tunawaomba msianze ibada wakati wingu limeshakuwa jeusi.

LUGHA NA HESHIMA

Kiswahili kinatusaidia kambini, lakini nje yake si kila mtu anakipenda. Wazee wengi wa Uganda wanakikumbuka kama lugha ya wanajeshi wa wakati wa Idi Amin, aliyetawala kuanzia 1971 mpaka 1979. Ukimwendea mzee kwa Kiswahili cha haraka haraka, anaweza kuogopa au kukasirika, siyo kwa ubaya wako. Mambo yanabadilika: Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Lakini mlango wa Mnyankole unafunguliwa kwa Kinyankole.

Anzeni na maneno machache tu. "Agandi?" ni habari gani, unajibu "Ni marungi." "Webare" ni asante. Mwanaume mwite "sebo", mwanamke "nyabo". Kule Kampala na Masaka wanasema Kiluganda: "Oli otya?" na "Webale." Salamu kwanza, shida baadaye. Anayefika dukani na kusema bei tu bila kusalimia anaonekana hana malezi.

Sokoni ugali wa mahindi ni posho, ndizi za kupika ni matoke, lengalenga ni dodo. Sombe msiitafute kwa wenyeji, wengi hawana desturi ya kula majani ya muhogo. Tafuteni kwa mama zetu Wakongomani wanaotwanga wenyewe. Mwenye dola achunge: huku noti ndogo na zile za zamani zinabadilishwa kwa bei ya chini kuliko noti kubwa mpya.

Kazi ya kulima kwa siku inaitwa lejaleja. Semezaneni malipo na kipimo cha kazi kabla ya kuinua jembe, mbele ya mtu wa tatu. Wengi wamelima mchana kutwa na jioni wakaambiwa "njoo kesho".

SHULE

Shule za Uganda zinaanza Februari, siyo Septemba, na mwaka una mihula mitatu. Msingi ni madarasa saba, P1 mpaka P7, na mwishoni kuna mtihani wa taifa, PLE. Kufundisha ni kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa darasa la tano kwa Kifaransa anaweza kurudishwa la tatu au la pili. Anaona haya, kwa sababu amekuwa mrefu kuliko wenzake, na hapo ndipo wavulana wengi wanakimbilia kubeba mizigo na wasichana wanaolewa mapema.

Wazazi, msikubali. Mwambieni mtoto kwamba hesabu aliyoijua kwa Kifaransa bado anaijua, kinachokosekana ni maneno tu. Akishayapata, walimu wengi wanamrukisha darasa. Ikitokea familia imefika mwezi wa tisa, msimkalishe nyumbani mpaka Februari. Apelekwe azoee kusikia lugha. Na bulletin na diploma za Kongo zitunzeni kwenye plastiki. Siku ya kuendelea na sekondari ya juu, UNEB inalinganisha karatasi hizo, lakini hailinganishi maneno ya mdomo.

KARATASI

Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi, kufungua biashara na kutembea ndani ya nchi. Hiyo ni haki ambayo ndugu zetu katika nchi nyingine hawana, tuitumie vizuri. Lakini inashikiliwa na karatasi. Atestesheni ya familia na kitambulisho cha mkimbizi kutoka OPM ndizo zinakufungulia matibabu, shule, laini ya simu na pesa za kwenye simu. Mtoto akizaliwa, mtu akifariki, binti akiolewa, nendeni mkaandikishe. Usimpe mtu mwingine karatasi yako "akusaidie" bila sababu unayoielewa. Huduma za OPM haziuzwi. Anayekuomba pesa kukuweka kwenye orodha, mwache, umwambie kiongozi wa RWC.

Anayetaka kwenda Kampala anaruhusiwa, lakini ajue kwamba chakula na kiwanja viko kambini. Mjini unajitegemea, na kodi haingoji.

KUMALIZIA

Tumeandika mengi, na hamtayashika yote siku moja. Mkishika manne tu, shikeni haya: pandeni kwa wakati, pimeni homa siku ile ile, salimieni kwa lugha ya mwenye nchi, na tunzeni karatasi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi tunaongeza: mgeni akishapumzika, na aulize. Muulize mama aliyekaa hapa miaka kumi anapanda lini, naye atakuonyesha bila kukulipisha chochote. Na wewe mwaka ujao, mwingine akishuka kwenye basi na mabunda yake na watoto wamelala mgongoni, utamwonyesha.

Mwezi ujao, katika ukurasa huu huu, tutaandika juu ya kutunza mahindi baada ya mavuno ili fukusi wasiyale. Mwenye ushauri wake atuletee. Mungu awalinde na familia zenu.